Mraba Mweupe

Jumapili, usiku

Mvua ya masika imetufungia ndani tangu Ijumaa, na rangi ya mafuta haikauki. Mkono wa pili wa rangi nilioupaka jana asubuhi kwenye mchoro wangu bado unanata nikiugusa kwa ncha ya kidole. Kwa hiyo leo sikushika brashi mpaka jioni. Nilikaa na Mama sebuleni, nikakata vipande vya kanga na vocha za kukwangua, nikawaza juu ya bata.

Bata wenyewe ni wale wa Duck Hunt, gemu ya video ya kulenga shabaha. Aliyecheza hawezi kuwasahau: nyasi chini, mti mmoja kushoto, anga ya buluu, mbwa anarukia vichakani, bata wanapaa, nawe umeshika bastola ya plastiki yenye waya. Nintendo waliitoa Japani mwaka 1984. Kwetu Barabara ya 12, Ngamiani, Tanga, ilifika zaidi ya miaka kumi baadaye, ndani ya mashine ya kuiga isiyoandikwa Nintendo popote, pamoja na kaseti ya njano iliyojitangaza kuwa na gemu 9999. Zilikuwa kama tano hivi, zikijirudia kwa majina mengine. Hatukujali. Baba alimnunulia Kaka, ikachomekwa kwenye TV chogo ya inchi 14, na kila Jumamosi watoto wa mtaa wakavua ndala mlangoni, wakakaa mkekani kungoja zamu.

Zamu yangu haikuwa inafika. Nilikuwa mdogo, tena wa kike peke yangu, na bastola ilikuwa moja. Basi nikajitafutia mahali pangu, ubavuni mwa TV, karibu na kioo kuliko wote, nikitazama kwa upande. Pale nikaona jambo ambalo wachezaji hawakuwa wanaliona: kila Kaka alipovuta kifyatuo, kioo kilizimika. Giza, halafu kitu cheupe, halafu picha ikarudi kama ilivyokuwa. Kwa kasi ya kupepesa jicho. Nilimwambia Mama TV inaharibika. Mama akamwambia Baba, Baba akaipiga kofi ubavuni, na mambo yakaishia hapo.

Wiki iliyopita nilimpigia Kaka, yuko Mwanza siku hizi, nikamuuliza kama alipata kuliona lile giza.

"Giza gani? Mimi nilikuwa naangalia bata, mdogo wangu."

Siku zote niliamini bastola ile inatoa kitu, mwale au nini. Kumbe haitoi chochote. Ndani ya mtutu mna lenzi na jicho dogo la kuhisi mwanga. Bastola inatazama tu. Ukivuta kifyatuo, mashine inakifanya kioo kizima kuwa cheusi, kisha inachora mraba mweupe pale alipo bata. Jicho likiona giza halafu mwanga, umempata. Likiona giza tupu, umemkosa. Lile giza la kwanza limewekwa kuzuia ujanja: anayeelekeza bastola kwenye balbu ataumbuka, kwa sababu jicho litaona mwanga wakati ambapo hapatakiwi kuwa na mwanga. Bata wakiwa wawili, miraba inatokea kwa zamu, ili mashine ijue aliyepigwa ni yupi. Yote hayo yanakwisha kabla ya sehemu moja ya kumi ya sekunde kupita.

Na ndiyo maana bastola zile hazipati kitu kwenye TV za flati. TV chogo inachora picha papo hapo, mstari kwa mstari, kadiri mashine inavyoileta. TV ya flati inaipokea picha, inaichakata kwanza, ndipo inaionyesha. Mraba ukitokea, mashine imeshaacha kuungoja. Mchezo ule umefungwa na chogo kama kucha na kidole. Chogo zikiisha, nao umekwisha, hata kama picha zake utazipata zote kwenye simu.

Nilipolielewa hili mwaka jana sikulala vizuri siku mbili. Nilichokiona ubavuni mwa TV kilikuwa kweli. Kilikuwa picha kamili, iliyochorwa kwa makusudi, mara mamia kila Jumamosi, na katika chumba kilichojaa watoto hakuna aliyeitazama ila mimi na bastola.

Hicho ndicho ninachokichora sasa, baada ya miezi minane ya kuchora vitu vinavyoonekana.

Nilianza na bata mwenyewe. Nilimkuza: kila pikseli, yaani kisanduku kimoja cha picha, sentimita mbili, mistari kwa penseli na rula ya chuma juu ya hadibodi. Mashine ile inaunda kila kiumbe kinachotembea kwa vigae vidogo vya nukta nane kwa nane, na kila kigae kinaruhusiwa rangi tatu tu. Ya nne ni uwazi, mahali ambapo anga inaonekana. Nukta nane kwa nane ni ndogo kuliko unavyodhani mpaka ujaribu kutia jicho la ndege humo. Shigeru Miyamoto, mbunifu wa gemu wa Nintendo aliyemuumba Mario, ameeleza mwenyewe kwamba alimvisha kofia kwa kuwa nywele zilikuwa ngumu kuchora, na akampa sharubu ili pua na mdomo visipoteane. Nilikuwa nayajua hayo kama hadithi. Niliyaelewa siku niliyokaa saa tatu nikihangaika na bawa moja.

Bawa lile lilikataa. Lilikuwa kama limeteguka. Mama akapita na kikombe cha chai, akasimama nyuma yangu.

"Hii si ya kudarizi hii?"

Nikamwambia hapana Mama, ni gemu ya Kaka, ile ya bata. Hakunijibu. Alivuta stuli, akavaa miwani, akaanza kuhesabu visanduku kwa ncha ya sindano yake, akinong'ona, kama anavyohesabu vitambaa vya makochi alivyodarizi maisha yake yote, mawaridi na tausi na "Karibu Wageni". Alipofika mstari wa kumi na moja akasimamisha sindano.

"Hapa umeruka kimoja. Kuanzia hapa kila kitu kimehamia kushoto."

Ilikuwa kweli. Kisanduku kimoja. Tangu siku ile yeye ndiye mkaguzi wangu, na sitii rangi kabla hajahesabu. Sebule ile ile, mwaka ule ule, mashine ilikuwa inachora kwa visanduku upande mmoja, na Mama anachora kwa visanduku upande wa pili, chini ya balbu moja. Watoto kumi na tano wakakodolea macho upande mmoja tu. Nami nilikuwa miongoni mwao, na hilo linaniuma kidogo.

Hadibodi na rangi ya mafuta sikuvichagua kwa sababu ya bei, ingawa bei ni jambo. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia ubao wa namna hiyo na rangi za dukani za kung'aa, zile za kupakia baiskeli. Tazama kazi zake mwenyewe, za kabla hajafariki mwaka 1972, si hizi zilizojaa wanyama ishirini wanazouziwa watalii. Chui mmoja. Nyuma yake rangi moja, bapa, haina kivuli wala umbali. Mwili wote umeonyeshwa kwa upande ili usikosee ni mnyama gani. Ondoa madoadoa, weka visanduku, na unaye kiumbe wa gemu ya mwaka 1984. Sisemi kwamba huyu alimjua yule. Nasema wote walikuwa na rangi chache, nafasi ndogo, na haja ya kueleweka haraka, na kila ninapopaka anga ya bapa nyuma ya bata wangu nahisi nimesimama mahali palipokwisha kukanyagwa na mtu ninayemheshimu.

Kolaji, picha za kubandika vipande, zilikuja baadaye, kwa sababu ya Super Mario Bros. Katika gemu ile ya mwaka 1985, wingu la angani na kichaka cha ardhini ni umbo lile lile. Limebadilishwa rangi tu, jeupe juu, la kijani chini, ili kubana nafasi ndani ya kaseti. Nilipolisoma hilo niliinuka nikaenda kufungua sanduku la kanga. Maana ni doti! Vipande viwili vya umbo moja, kimoja unajifunga kiunoni, cha pili unajitanda kichwani. Sasa wingu na kichaka nimevikata kutoka doti moja iliyochakaa, wingu juu ya ubao, kichaka chini, na pindo la kanga nimelitandaza katikati kama ardhi.

Mama alitoa kanga ile kwa sharti moja, nisikate jina. Kwa hiyo jina limebaki zima, limevuka ubao kutoka upande huu hadi ule, pale ambapo kwenye gemu husomeka pointi na muda. Sikupanga hivyo. Sharti la Mama limenipa sehemu nzuri kuliko zote za kazi ile.

Mara ya kwanza iliharibika. Niliizimua gundi nyeupe ya mbao kwa maji mengi, kanga ikachuja, wekundu ukaingia kwenye wingu. Sasa naloweka vitambaa usiku kucha kwenye maji ya chumvi, naviosha mpaka maji yatoke meupe, na gundi naitumia nzito. Mitaani watu wameanza kuniletea vitu: visoda, makasha ya kanda za video za enzi za vibanda umiza, vocha zilizokwanguliwa ambazo mjomba mmoja alikuwa amezitunza kwenye kopo miaka na miaka. Vocha ni pikseli tayari, zina pembe nne na rangi moja. Nyasi zote za bata wangu ni vocha. Ukisogea karibu unaona mkwaruzo wa sarafu kwenye kila jani, na kila mkwaruzo ni mtu aliyekuwa na haraka ya kupiga simu.

Ila ubao wa sasa hauna kanga wala vocha. Sentimita 60 kwa 60, mweusi wote, na mraba mmoja mweupe, juu kidogo kulia, pale alipokuwa bata. Nilisita sana. Niliogopa watu wataona uvivu. Kilichonipa moyo ni kazi ya Cory Arcangel, Mmarekani, ambaye mwaka 2002 aliifungua kaseti ya Mario, akabadilisha chipu ya programu ndani yake, akaondoa kila kitu mpaka yakabaki mawingu yanayopita kwenye anga ya buluu. Hakuna Mario, hakuna ardhi, hakuna pointi. Nimeitazama kwenye simu mara nyingi. Haichoshi.

Weusi ndio kazi. Weusi wa kopo ni mfu; TV chogo iliyozimika si nyeusi, ina ukijivu wa kioo na mng'ao wa dirisha ndani yake. Nimechanganya nyeusi na buluu kidogo na tone la kahawia, nimepaka mikono miwili na wa tatu utafuata, nikipiga msasa laini kati ya mkono na mkono. Na kingo za mraba sikuzinyoosha kwa gundi ya karatasi. Kwenye chogo mwanga hauishii mahali, unavuja kidogo. Nilikuwepo, nimeuona.

Mama alikuja kutazama kabla ya kwenda kulala. Alikaa kimya muda mrefu.

"Bata yuko wapi?"

"Hapo, Mama. Kwenye cheupe."

Alivaa miwani. Nikadhani ataanza kuhesabu, lakini alinyoosha tu kidole, pole pole, kama anayelenga, akakirudisha, akaniambia nisikeshe.

Mvua imekatika saa hii na kumbikumbi wametoka. Nimefunga dirisha nikiwa nimechelewa. Wanaizunguka balbu, wanadondosha mabawa kila mahali. Mmoja ameangukia kwenye mraba, katikati kabisa, na rangi mbichi imemshika. Nimechukua sindano ya Mama nimtoe. Mwili umetoka. Bawa moja limebaki, linang'aa, na nikilivuta litachukua rangi pamoja nalo. Naliacha mpaka kesho nione likikauka litakuwaje.