Mpango Unaoanzia kwenye Ratiba ya Zamu

Mpango wa kwanza wa afya ya akili niliowahi kuwaandikia wahudumu wa dharura ulikuwa wa ukurasa mmoja, na kiini chake kilikuwa namba ya simu ya mshauri nasaha, iliyobandikwa ukutani karibu na sinki la kunawia mikono. Miezi sita baadaye karatasi ile ilikuwa imejikunja pembe, na hakuna aliyekuwa amepiga. Nikajidanganya kwamba ukimya ule ulimaanisha watu ni wazima.

Kosa langu lilikuwa kumwachia mhusika kazi ya kujitambua mwenyewe. Muuguzi au mwokoaji aliyepatwa na kiwewe mara nyingi huwa wa mwisho kukiri, kwa kuwa kazi imemzoesha kutanguliza wengine, na kwa kuwa anachelea kuonekana hafai. Nilimwona mmoja pale pale kwenye sinki baada ya kumpoteza mtoto mikononi mwake: povu lilikwisha zamani, maji yakaendelea kutiririka, kisha akajifuta na kuuliza anayefuata ni nani. Mtu wa namna hiyo hana habari na karatasi za ukutani.

Tulipoandika upya, pendekezo la kwanza lilikuwa kuwakusanya wote siku ileile ya tukio, kila mmoja asimulie aliyoyaona. Pendekezo hilo linavutia, maana lina sura ya huruma, lakini mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 unashauri vikao hivyo visitumiwe kama kinga kwa watu waliotoka kupatwa na tukio, kama unavyoshauri watu wazima wasipewe dawa za kundi la benzodiazepini, yaani za kuondoa wasiwasi na kuleta usingizi, ili kutuliza dalili za kiwewe katika mwezi wa kwanza. Siku za mwanzo zinahitaji mambo ya kawaida kabisa: mahali pa kuketi, maji, mtu wa kumsindikiza nyumbani, na msikilizaji asiyedadisi. Wengi hupata nafuu bila tiba.

Ila si wote, na ndiyo maana hatukuishia hapo. Tuliazima utaratibu ulioanzia katika jeshi la wanamaji la Uingereza, ambamo mwenzake mhusika aliyepewa mafunzo, wala si daktari, huzungumza naye takribani siku tatu baada ya tukio na tena baada ya mwezi mmoja. Mazungumzo ya pili ndiyo yenye uzito zaidi, kwani dalili zisizopungua kufikia wakati huo zinadai mtaalamu.

Hapo ndipo mipango mingi hukwama, na kwa maoni yangu tatizo haliko kwenye utabibu. Tiba ya utambuzi na tabia inayolenga kiwewe, yaani mazungumzo na mtaalamu ya kurekebisha fikra na mwenendo vilivyoathiriwa na tukio, kwa kawaida huchukua vikao 8 hadi 12, kwa mujibu wa mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2018. Nani atashika zamu ya mtu huyo mara zote hizo? Asipotajwa mapema, mgonjwa ataahirisha kikao cha tatu ili asiwaelemee wenzake, na cha nne hatakwenda. Kwa hiyo sasa ratiba yetu ina safu ya mbadala, yenye majina, inayojazwa hata mwezi usipokuwa na tukio lolote.

Safu ya msimamizi, ambaye husikia masimulizi ya wote, bado haina jina la mbadala.