Alumini na silikoni kabaidi: chembe zimekubali kuingia

Chembe za silikoni kabaidi, unga mgumu sana ninaouchanganya na alumini ili iwe imara zaidi, zimeingia, na zimebaki ndani! Kipande cha leo kimekula meno ya msumeno kabla sijafika katikati, jambo ambalo alumini tupu haifanyi. Nimekipiga msasa, nimekitia chini ya hadubini: chembe nyeusi zenye pembe kali zimetapakaa huku na huku kwenye metali.

Mnaokoroga unga ndani ya metali iliyoyeyuka mnajua kilichokuwa kinanitesa. Alumini iliyoyeyuka haitaki kulowanisha silikoni kabaidi. Unamwaga unga, unakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, ukiacha tu unga uko juu, mkavu vilevile. Na unga huo ni mzito kuliko alumini ya majimaji, gramu 3.2 kwa takriban 2.4 kwa kila sentimita ya ujazo, ulipaswa kuzama! Utando wa oksidi unauzuia, na metali yenyewe haina hamu nao. Kuzidisha joto ni kujitafutia balaa jingine: kabaidi huanza kuliwa na kuzaa alumini kabaidi, kitu chepesi kuvunjika ambacho huoza kikipata maji. Ndiyo maana sibanduki kwenye A356, aloi ya alumini yenye silikoni. Silikoni yake ya 7% inautuliza mmenyuko huo.

Dawa imekuwa mbili kwa pamoja. Unga nimeuchoma kwanza kwa nyuzi 1,100 za Selsiasi, saa kadhaa, ukavaa ngozi nyembamba ya silika, yaani oksidi ya silikoni. Kisha nikaongeza magnesi hadi karibu 1%. Magnesi inaishambulia ile silika, spineli (oksidi ya magnesi na alumini) inazaliwa kwenye mpaka wa chembe na metali, na metali inashika. Moja bila nyingine haikunifaa kitu. Kukoroga nimekoroga metali ikiwa nusu uji, chini kidogo ya nyuzi 615, ili punje zilizokwisha kuganda zizibane chembe zisirudi juu.

Pangaboi la kukorogea la chuma sitaki kuliona tena. Chuma hulika ndani ya alumini na kuacha sindano za kuvunjikavunjika, halafu unalaumu chembe bure. Grafiti tu.

Ratiba ilisema sasa nipandishe kiasi cha chembe kutoka 10% hadi 15% na 20%, nivute vipande kupima nguvu yake, nichore grafu. Nimeiweka kando, maana chembe za mikroni 30 zimeniridhisha lakini zile za mikroni 5 zimenikera. Kwa hesabu, ndogo ndizo zenye nguvu: kubwa hubeba nyufa ndani yake na hupasuka mapema zikivutwa, ndogo hukaribiana na kuziba njia za metali kuteleza. Ila zangu zimeshikana madonge, na katikati ya kila donge kuna tundu lisilofikiwa na metali. Ufa unaanzia hapohapo.

Kwa hiyo nazisaga kwanza pamoja na unga wa alumini kwenye kinu cha mipira (mtungi unaozunguka wenye tufe ngumu ndani), kila chembe iingie tanuruni ikiwa imekwisha kuvishwa metali. Mtungi nimeujaza agoni, gesi isiyoungana na metali. Kuufungua ni taratibu sana, hewa iingie kidogo kidogo, kwa sababu unga wa alumini uliosagwa upya huweza kuwaka wenyewe.