Mwezi wa tano ndani ya boti

Jana usiku mwezi ulikuwa mkubwa mpaka nikasoma maandishi ya kwenye mtungi wa gesi bila kuwasha taa. Huku Ziwa Victoria mwezi ukiwa hivi wavuvi wa dagaa hawaendi kazini, maana dagaa anafuata taa na taa zao hazifui dafu mbele ya mwezi, kwa hiyo mwalo mzima umejaa watu, mitumbwi imevutwa mchangani, vijana wanacheza drafti, wengine wanashona nyavu, na mimi ndo nimepata watu wa kuongea nao. Siku nyingine zote nawaona usiku tu, taa zao kule mbali kama kuna mji umeota katikati ya maji, asubuhi wakirudi wamechoka hawataki stori na mtu.

Kwa wanaosoma mara ya kwanza: mimi na mwenzangu tunaishi kwenye boti, huu mwezi wa tano tangu tuhamie, upande wa Igombe hapa Mwanza. Boti ya mbao, futi 36, zamani ilikuwa inabeba mizigo ya visiwani, tukaijengea kibanda, tukaweka godoro, sola ya wati 100 na betri moja, basi. Nilipunguzwa kazini, kodi ya nyumba ikatushinda, jamaa akasema kuna boti inauzwa, na mi nimekulia Pangani kwa hiyo nikajiona mtaalamu wa vyombo. Siku ya kwanza nikaanza kuwatajia watu tezi na omo, wakaniangalia tuu. Hapa ni mbele na nyuma, umemaliza.

Kosa langu kubwa ni kwamba nilikuwa natafuta watu kama sisi. Nilishasoma kuhusu Uingereza, kule kuna watu wanaishi kwenye maboti ya mifereji kabisa, hadi sheria yao ya 1995 inasema kama huna gati la kudumu usikae sehemu moja zaidi ya siku 14 mfululizo, na wanajuana, wanaazimana spana, wanapeana maarifa. Nikasema ziwa lote hili, kilomita za mraba 68,800, kubwa kuliko yote Afrika, hatuwezi kukosa wenzetu. Na kweli wanaolala majini wapo kibao, vijana wa dagaa, watu wa maboti ya mchanga, mabaharia wa mizigo ya Ukerewe na Kome, wengine wamelala ndani ya chombo miaka 20. Ila muulize, kaka we unaishi kwenye boti? Atakwambia hapana, mi naishi Sengerema. Nyumba yake iko Sengerema, mke yuko Sengerema, hapa yuko kazini tu, hata kama nyumbani anafika mara mbili kwa mwaka. Ukisema wewe umehamia majini kwa hiari yako anakuonea huruma. "Mjomba, kwani umegombana na shemeji?" Alafu shemeji mwenyewe anatokeza dirishani kumwaga maji ya sufuria, jamaa anachoka kabisa.

Nilizunguka na daftari wiki mbili. Mwenyekiti wa BMU, ile kamati inayosimamia mwalo, alinipokea vizuri, akaniambia chombo lazima kikaguliwe na TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, laifu jaketi ziwepo, na nisionekane na wavu kama sina leseni ya uvuvi. Hayo ni ya sheria. Ya kuishi, hakuna mtu aliyeniambia kitu. Unataka kujua nini? Chochote. Sasa nani anajua kujibu chochote?

Mpaka siku ya nanga. Maji hapo tulipo ni kama mita nne, nikatoa kamba mita kumi nikaona nimejaza. Na nilikuwa nimepanga kila kitu kwa upepo wa mchana, ambao unatoka ziwani kuja nchi kavu, nikasahau usiku unageuka, nchi kavu inapoa haraka kuliko maji kwa hiyo upepo unaanza kutoka huku kwenda huko. Sisi tumelala. Alfajiri nasikia mwanaume anakohoa karibu kabisa, yaani kama yuko chumbani kwangu. Kufungua dirisha naona ukuta wa boti ya mchanga, naweza kuugusa, na juu yake jamaa anapiga mswaki. Akatema mate upande wa pili, akasema, "Jirani, umekuja kuomba chumvi?"

Tulikuwa tumeburuta nanga karibu robo kilomita, na njiani tumepita katikati ya mawe mawili ambayo mchana hata na kamtumbwi kadogo naogopa kupita. Mawe ya Mwanza mnayajua. Jamaa akaivuta kamba yangu akaicheka, akasema hii ya kufungia mbuzi. Ndo akanifundisha, kamba iwe mara tano ya kina, siku ya upepo mara saba, na mwishoni kwenye nanga ufunge mnyororo wenye uzito, sababu nanga inashika ikivutwa ikiwa imelala, ukiivuta kwenda juu inang'oka kama muhogo. Dakika kumi hazikufika. Ukurasa mzima wa daftari langu hauna maneno ya maana kama hayo, na alinipa kwa sababu nilikuwa nimegonga hodi kwake na shida inayoonekana kwa macho. Chumvi tulimpelekea jioni, pakiti zima, bado ananitania nayo.

Mwenzangu yeye hakuwahi kuwa na daftari. Alienda tu akakaa na kina mama wanaoanika dagaa kwenye vichanja, akawa anageuza nao, wiki ya pili anajua kila kitu. Wao ndo waliomwambia tuache kuoga kwenye matete. Pale maji ni kimya, konokono wapo, na kichocho kinatoka kwa konokono kinaingia kwenye ngozi bila wewe kujua, mchana jua kali ndo balaa zaidi. Maji ya kuoga tunachota mbali na matete, tunayaacha kwenye pipa lililofunikwa siku mbili, vile vijidudu visipompata mtu ndani ya saa 48 vinakufa, na kama una haraka chemsha. Ya kunywa tunanunua madumu. Kwangu ushauri ulichelewa, zahanati wakanipima wakanikuta nacho, wakanipima na uzito, vidonge vinne vikubwa kwa mpigo. Kula kwanza ushibe, nakwambia, na usipange safari siku hiyo, mi nililala sakafuni nikaona boti inazunguka wakati ziwa limetulia kama chai.

Choo. Najua mnataka kuuliza. Mchana tunatumia choo cha mwaloni, cha kulipia. Usiku ni ndoo yenye mfuniko, na kila ukimaliza unamwagia maranda, harufu hamna kabisa, asubuhi inaenda nchi kavu chooni. Majini hatumwagi, watu wanachota hapo hapo. Maranda tunapewa bure na babu, fundi wa mitumbwi, mzee wa Kisukuma ambaye ukimuuliza swali anakupa ubao umshikie. "Mwangaluka babu." "Mwangaluka. Shika hapa." Unashika nusu saa ndo jibu linakuja, wakati mwingine ni jibu la swali la juzi.

Nilimuuliza lini tuipandishe boti tuichome chini, maana Pangani nilivyokua nikiona chombo kinapandishwa pwani kinafukizwa moto wa makuti kuua funza wa mbao alafu kinapakwa shahamu, yaani mafuta ya mnyama. Aliniangalia kama nimeomba kuchoma nyumba yake. Baadaye akasema maji haya hayana chumvi, huyo mdudu wenu hayupo, hapa boti haianzii kuoza chini, inaanzia juu, maji ya mvua yanayokaa kwenye maungio. Nikapanda kibandani kuangalia. Ubao wa pembeni kidole kiliingia kama kwenye mkate. Wabeja babu, asante, lakini ungesema mwezi wa kwanza jamani.

La gesi niseme mwenyewe kwa sababu sijamsikia mtu hapa akilisema: mtungi ukae nje juu, sio ndani. Gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka mpaka ngamani, chini kabisa ya boti, inakaa huko inasubiri kiberiti. Na jiko la mkaa usiingize ndani hata mvua inyeshe vipi, nilijaribu siku moja nimefunga madirisha, kichwa kikaanza kugonga, mwenzangu akanivuta nje kwa kola.

Sasa mama mkwe. Yeye ni wa Ukerewe, na mtu wa Ukerewe humwambii kitu kuhusu maji. Anakumbuka tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipozama, na kwenye makaburi ya Igoma walikozikwa watu wake ameshafika. Anakumbuka 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka ikiwa imeshakaribia gati la Ukara, watu wanaiona. Kila wingu likifunga anapiga simu, na mimi nilikuwa namwambia mama hii haisafiri, imesimama tu, akanijibu ile ya Ukara nayo ilikuwa imebakiza kidogo isimame. Sijamjibu tena. Mwezi uliopita alikuja na mkungu wa ndizi, akakaa kwenye jiwe pale mchangani kama saa nzima anaiangalia boti, kupanda hataki. Alafu akauliza laifu jaketi ziko ngapi. Mbili, mama. "Na mgeni akija?"

Tulinunua ya tatu kesho yake, inaning'inia mlangoni.

Leo babu amekuja mwenyewe, akazunguka na mtumbwi, akagonga gonga mbao na nyundo, akasema boti ivutwe nchi kavu Jumamosi, tubadilishe ubao ulioooza na kuziba nyufa kwa pamba kabla mvua hazijaanza. Kwa nini Jumamosi? Kwa sababu kuvuta kitu kizito hivi kunataka watu kama ishirini na magogo ya kuviringishia, na hao ishirini mwezi ukishapungua watarudi kwenye dagaa na hutawapata tena mpaka mwezi ujao. Malipo yao ni ugali na sato, washibe. Kina mama wa vichanja wameshakubaliana na mwenzangu wanapika, jamaa wa boti ya mchanga ameahidi kamba, ya kwake sio ya kwangu, alisisitiza. Mimi nimepewa kazi ya kutafuta pamba kilo tatu, misumari na rangi.

Mama mkwe amesema siku hiyo atakuja na atapanda aone tunapolala, maana boti itakuwa nchi kavu.