Kilo 20 za begi, 5 za mkononi: nilivyosafiri kwa ndege ya majini

Ndege kubwa iliniruhusu kilo 30. Ile ndogo ya kunimalizia safari hadi kisiwani, inayopaa na kutua majini, ilitoa 20 za begi na 5 za mkononi, basi. Nikaamua nifungashe kwa kuifuata hiyo ndogo.

Nilichukua mabegi mawili. Sanduku gumu nililijaza vitu nisivyovihitaji kisiwani, nikaliacha kwenye stoo ya mizigo ya uwanja nilipobadilishia ndege. Vya kisiwani vilikaa kwenye begi laini la kitambaa, lisilo na magurudumu. Sanduku gumu likiwa tupu tu huweza kula kilo 4, na sehemu ya mizigo ya ndege hizi ni finyu. Begi laini hukubali kubanwa pembeni.

Ubahili huo wa kilo una sababu. Maboya ya kuelea yaliyofungwa chini ya ndege ni mazito, na uzito wake hukatwa kwenye fungu la abiria na mizigo. Wakati wa kupaa maji nayo huyang'ang'ania maboya, na kukiwa na joto kali hewa huwa nyepesi, mabawa yasipate nguvu ya kutosha. Bahari ikitulia kama kioo ndiyo kazi zaidi. Viwimbi vidogo humsaidia rubani kujinasua.

Kaunta walinipandisha kwenye mizani mimi pamoja na begi la mkononi. Wapo waliokunja uso. Mimi sikuona aibu yoyote, maana anayerusha ndege ndogo lazima ajue uzito ni kiasi gani na umekaa wapi, mbele au nyuma. Ule ujanja wa kuvaa koti zito na kujaza mifuko haufui dafu mahali ambapo hata wewe unapimwa.

Kilichonishughulisha zaidi ni zile kilo 5. Ndege ikijaa, begi kubwa linaweza kupakiwa safari inayofuata, hata kama umelipia uzito wa ziada. Na kwa kuwa ndege hizi kwa kawaida huruka mchana, rubani ayaone maji anapotua, begi lililokosa safari ya jioni hulala huko huko. Kwa hiyo mkononi niliweka dawa, miwani, hati za safari, chaja, nguo moja ya kubadili, na pawabanki, ambayo hata hivyo hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini kwa sababu ya betri ya lithiamu. Kamera yenye lenzi kubwa niliiacha sandukuni bila kujuta.

Begi langu lilifika kwa ndege ya alasiri. Nilikuwa nimeshaoga na kubadili nguo.

Kabla ya kurudi nilipima tena kwa mizani ndogo ya kuning'iniza. Nguo za kuogelea zenye unyevu zilikuwa zimelipandisha begi juu ya 20, nikazianika hadi asubuhi.