Nilinunua taa mara tatu, kumbe umeme ulikuwa unaliwa njiani

Kruza yangu, pikipiki ndefu ya kukaa chini, ni ya zamani kidogo: silinda mbili za V, kabureta mbili za kuchanganya hewa na mafuta, na mtu wa mwisho kugusa nyaya zake hajulikani. Nilipoipata nilitaka mambo mawili, imulike vizuri usiku na ingurume. Yote mawili niliyaanzia mkiani.

Taa ya mbele ilikuwa na balbu ya H4, yaani halojeni, ile ya uzi unaowaka, wati 55 kwenye dimu na 60 kwenye fulu. Mwanga wake ulikuwa kama chai ya rangi, unaishia mita chache mbele ya tairi. Nikanunua balbu ya LED inayoingia kwenye tundu lilelile, boksi limejaa sifa za lumeni, kipimo cha wingi wa mwanga. Ukiitazama usoni inatisha kweli. Barabarani, kila aliyekuja mbele yangu alinipigia fulu, nami nikawa sioni mbali kuliko zamani. Siku moja niliisimamisha ikitazama ukuta nikaona kisa chenyewe. Balbu ya zamani ilichora mstari, chini mwanga, juu giza. Hii mpya ilimwaga mwanga mpaka darini. Rifleta ya taa, yaani bakuli linalong'aa nyuma ya balbu, imechongwa kwa ajili ya uzi mwembamba unaowaka mahali pamoja tu. Chanzo cha mwanga kikihama hata milimita chache, mwanga unakwenda unakotaka wenyewe.

Sikukoma. Nikafunga taa mbili za pembeni, wati 55 kila moja. Hapo kweli niliona mbele, kwa wiki moja. Asubuhi moja nikabonyeza stata nikasikia "tk tk tk". Wati 110 juu ya mzigo uliokuwepo zilikuwa zinanyonya betri kila nilipokwenda polepole, na mimi hutembea polepole sana.

Fundi niliyempelekea ni mtu mzima, hana haraka. Hakuuliza nataka taa gani.

"Kijana, betri inatoa volti ngapi? Na balbu inapata ngapi?"

"Sijui, mzee."

"Sasa ulikuwa unanunua nini?"

Akarudisha balbu ya zamani, akazima taa za pembeni, akawasha injini na kuipandisha mzunguko kidogo. Kipima umeme kwenye betri kilisoma 14.0. Akafungua taa ya mbele, akaacha soketi imechomekwa, akaingiza ncha za kipima kwa nyuma. 12.3. Akanyamaza ili niione mwenyewe. Volti 1.7 zilikuwa zinapotea kati ya swichi ya funguo, swichi ya usukani na nyaya nyembamba kama kamba za viatu. Soketi yenyewe ilikuwa na kahawia ya kuungua upande mmoja. Balbu ya halojeni haisamehe: ikipungukiwa asilimia 10 ya volti, mwanga unashuka kwa karibu asilimia 30. Theluthi nzima ya mwanga wangu ilikuwa inapotelea njiani.

Tiba ilikuwa rilei mbili, yaani swichi zinazoamshwa na umeme mdogo, ya dimu na ya fulu, waya mnene kutoka betri, fyuzi karibu kabisa na betri, na soketi mpya. Swichi ya usukani sasa inaamsha rilei tu, haibebi mzigo. Jioni ile balbu ileile niliyoidharau iliwaka nyeupe.

Baadaye nilinunua taa nzima ya LED, yenye lenzi yake, kwa sababu mtetemo wa V ulikuwa unakata nyuzi za halojeni. Safari hii nilitafuta herufi E ndani ya duara kwenye kioo, alama ya taa iliyoidhinishwa. Namba iliyo pembeni yake huonyesha nchi iliyoidhinisha, 1 Ujerumani, 4 Uholanzi. Nikakwepa zile zenye mwanga wa kibluu, maana mimi huniumiza macho. Kuielekeza nilikaa juu ya pikipiki, upepo wa tairi ukiwa sawa, mstari wa dimu ukutani ukae chini kidogo ya kimo cha taa. Ukiipima bila mtu juu ya kiti unajidanganya. Indiketa za LED nazo zilianza kupepesa kama zina wazimu, kwa kuwa flasha ya zamani, kifaa kinachozipepesa, ilidhani balbu zimeungua. Flasha ya kielektroniki ilimaliza kesi. Wengine hufunga rizista, kifaa cha kuongeza mzigo ili flasha idhani balbu ni za zamani. Inachemka, usiifunge karibu na plastiki.

Upande wa nguvu nilijidanganya kwa masikio. Niliweka ekzosi iliyo wazi na kichujio cha hewa kikubwa, nikaapa kwamba imeongeza mbio. Rafiki yangu akakaa nyuma na saa ya simu, gia ya tatu, kutoka 60 hadi 100, barabara ileile tuliyopima kabla sijabadilisha chochote. Ilikuwa nzito kuliko mwanzo! Ukiachia mafuta inapiga risasi ndani ya bomba, na plagi zilitoka nyeupe kama chaki. Hewa imeongezeka, mafuta hayajafuata. Tulipandisha jeti kuu, tundu la mafuta ndani ya kabureta, hatua mbili, tukafungua skrubu za mchanganyiko nusu mzunguko, milio ikapungua na plagi zikarudi rangi ya biskuti. Nguvu iliyoongezeka ni ndogo, ukweli niuseme. Ekzosi niliibadilisha tena nikaweka yenye kizuizi cha sauti, kichwa kilikuwa kinaniuma safari ndefu.

Kilichobadilisha pikipiki ni kitu ambacho hakikuwa kwenye orodha. Shokapu fupi nilizofunga ili ikae chini zilikuwa zinagonga mwisho kila nikibeba mtu. Niliweka za urefu wa kiwandani zenye springi ngumu zaidi, nikazikaza hadi uzito wangu uzishushe kama theluthi ya mwendo wake. Kona nilizokuwa nazipita nimebana meno, sasa nazipita nikitazama mbele. Taa pia ilibidi niielekeze upya, nyuma ilikuwa imepanda.