Prado 95 ya kila siku: kuinua sentimita tano, si zaidi

Gari na kazi yake

Gari ni Toyota Prado KZJ95 ya milango mitano, injini ya 1KZ-TE, ile dizeli ya lita 3. Jumatatu hadi Ijumaa linanitoa Madale mpaka Posta, hapa Dar es Salaam, na kunirudisha. Wikiendi inategemea: mara Kisarawe, mara Bagamoyo, na tukijaliwa tunakwenda kwa wakwe zangu Matombo, kule milima ya Uluguru, ambako barabara ya Kisaki ikishalowa haimjui mkubwa wala mdogo. Kwa hesabu ya kilomita, lami na foleni ndiyo sehemu kubwa ya maisha ya gari hili. Hilo nimelibandika kichwani kabla ya kuuliza bei ya kitu chochote, maana ukishaanza kutazama picha za magari yaliyoinuliwa unasahau haraka kwamba kesho asubuhi una matuta ya kuvuka na mama mzazi wa kumpeleka kliniki.

Springi za zamani zimechoka, hilo halina ubishi. Nikipakia familia na mabegi, sehemu ya nyuma inakaa chini kiasi kwamba taa zinamulika juu ya miti.

Vipimo kabla ya maneno

Nilichukua tepu nikapima kutoka katikati ya habu mpaka ukingo wa madigadi, tairi zote nne, gari likiwa tupu juu ya sakafu ya zege. Wengi hupima kutoka ardhini. Ukipima hivyo unachanganya springi na tairi, na hata upepo pungufu unaingia kwenye hesabu. Habu mpaka madigadi inakupa habari za springi peke yake. Matokeo: mbele kulia, upande wa dereva, pamekaa chini milimita 12 kuliko kushoto, kama zilivyo Prado nyingi za usukani wa kulia.

Kijiweni ushauri ni wa bure na kila mtu ana wake. Ukiuchuja unabaki na njia tatu. Ya kwanza ni spesa, yaani kipande kigumu cha kujazia nafasi. Spesa ya milimita 25 juu ya shokapu ya mbele inanyanyua gari karibu milimita 50, kwa sababu shokapu haikukaa kwenye tairi bali katikati ya mkono wa chini (chuma kinacholishika tairi kwenye chesisi), kwa hiyo kila milimita unayoongeza pale inazaa karibu mbili kwenye tairi. Ni rahisi na ni haraka, lakini springi zako zilizochoka zinabaki zilezile, zimechoka kwenye ghorofa ya juu. Ya pili ni kuinua bodi peke yake kutoka kwenye chesisi kwa vipande chini ya mipira ya bodi. Inakupa nafasi ya tairi kubwa, ila chesisi na kila kilicho chini yake vinabaki palepale, na hiyo sikuitazama mara mbili. Ya tatu ni springi mpya na shokapu mpya zenye urefu unaolingana nazo. Nimekwenda na ya tatu.

Kwa nini milimita hamsini tu

Mbele ya Prado 95 kila tairi lina mikono yake, juu na chini, na ekseli inayozungusha tairi inapita kwenye CV jointi, kiungo kinachoiruhusu kupinda huku ikizunguka. Ukiinua gari, jointi hizo zinapinda zaidi muda wote, hata ukiwa kwenye foleni Mwenge hujaenda popote. Buti za mpira zinaanza kusuguana mikunjo kwa mikunjo, zinachanika, grisi inatoka, vumbi linaingia. Tena mwendo wa tairi kwenda juu na chini una kikomo chake. Ukisimamisha gari juu kwa milimita 50, umechukua milimita 50 za tairi kushuka kwenye shimo. Ukichukua 75 au 100, tairi halifiki chini ya shimo, mkono unagonga kizuizi chake, na unasikia ngo! kila ukishuka tuta. Wenye Land Cruiser 80 Series yenye ekseli nzima mbele wana hesabu nyingine. Mimi sina 80 Series.

Halafu kuna jambo ambalo watu hawapendi kulisikia: springi haziinui difu ya nyuma, lile bonge la giya katikati ya ekseli, hata nywele moja. Ekseli ya nyuma ni nzima, imelala kati ya tairi mbili, na jiwe litakaloigonga leo litaigonga na kesho. Kinachoinua difu ni tairi. Kutoka 265/70R16 kwenda 265/75R16 kipenyo kinaongezeka kama milimita 26, na difu inapanda nusu yake, yaani 13. Ndiyo hiyo tu. Springi zinakupa pembe nzuri ya kuingia na kutoka kwenye makorongo, tumbo la gari kuwa juu zaidi, na nafasi ya hiyo tairi kuzunguka bila kusugua. Ni faida halisi, mradi uijue kwa jina lake.

Springi za kubeba nini?

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi. Springi za kuinua hazipishani kwa urefu tu, zinapishana kwa mzigo. Old Man Emu, Ironman na Tough Dog, zote za Australia, wanatoa springi kwa makundi: gari tupu, gari lenye ngao ya chuma mbele na vifaa, gari lenye mzigo wa kudumu. Urefu unaoandikwa kwenye boksi unapatikana pale tu ambapo uzito wako unalingana na kundi lako. Ukifunga springi nzito kwenye gari tupu litapanda kuliko ulivyoambiwa, na litarukaruka kwenye kila rasta mpaka uchukie kazi yako.

Fundi wangu alinimaliza kwa swali moja. "Kaka, siku za kazi unabeba nini?"

"Mimi na begi la kompyuta."

"Basi mwachie mwenye shamba springi za kubebea magunia."

Ngao ya chuma sina, winchi sina, keria juu naifunga tukisafiri tu. Kwa hiyo mbele nimechukua springi za gari lisilo na ngao, na nyuma za mzigo wa kati. Safari za Matombo zenye watu watano na mabegi nitazisaidia kwa mipira ya hewa inayoingia ndani ya springi za nyuma: unaijaza ukipakia, unaipunguza ukirudi. Hiyo bado sijainunua.

Shokapu ni za mirija miwili zenye gesi, urefu wa gari lililoinuliwa kwa milimita 50. Usiache shokapu fupi za zamani nyuma ukaweka springi ndefu. Shokapu itakuwa imeshanyooka karibu yote gari likiwa limesimama, na kwenye tuta ndiyo itakayobeba uzito wa ekseli inayoning'inia.

Kabla ya springi, bol jointi

Hili nawaomba wenye Prado 95 na Hilux Surf za enzi hizo mlisome taratibu. Bol jointi ya chini, kile kiungo chenye kichwa cha mviringo kinachoshikanisha tairi na mkono wa chini, kwenye magari haya imekaa kwa namna ambayo uzito wa gari unaivuta itoke kwenye kikombe chake, badala ya kuikandamiza iingie. Ikilika, haikupi kelele za kutosha. Inachomoka, tairi linalala chini ya madigadi na gari linakaa chini pale pale. Hata bila kuinua chochote ni kitu cha kuangalia. Nilibadilisha zote mbili, orijino, pamoja na bolti zake nne kila upande. Kwenye maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani utapata za bei ya theluthi, zimefungwa vizuri kwenye boksi linalofanana. Kwenye sehemu hii sibani pesa.

Siku ya kufunga

Nyuma ilikwenda kama mchezo: jeki chini ya chesisi, shokapu zikafunguliwa, ekseli ikashushwa polepole huku tukiangalia mpira wa breki usivutike, springi za zamani zikatoka kwa mkono. Ukiziweka pembeni ya mpya unaona wazi kwamba waya wa mpya ni mnene zaidi. Kuna pia valvu inayogawa breki za nyuma kulingana na mzigo, yenye kifimbo kinachoshikana na ekseli. Gari likipanda, valvu inadhani hujapakia kitu na inapunguza breki za nyuma. Fundi aliisogeza kwa kipande cha bati nene ili kifimbo kirudi kwenye pembe yake ya mwanzo.

Mbele ndiko tulikofanya kazi. Mkono wa chini umeshikwa na bolti zenye kamu, zile zinazozungushwa wakati wa alaimenti, na ya kushoto nyuma ilikuwa imeota kutu ndani ya bomba la bushi, kile kipande cha mpira chenye bomba la chuma katikati. Ukiipiga spana, bolti na bushi vinageuka pamoja kama ndugu. Tulimwagia mafuta ya kulainisha kutu, tukasubiri, tukagonga, wapi. Mwisho fundi aliikata kwa grainda pande mbili, sehemu nyembamba kati ya bushi na mabano ya chesisi, cheche zikiruka hadi kwenye viatu, na mkono ukatoka na bushi yake yenye mabaki ya bolti ndani. Bushi mpya na bolti mpya zilikuwa tayari mezani, maana gari linalokula chumvi ya bahari ya Hindi haliaminiki. Bolti mpya zilipakwa grisi kabla ya kuingia.

Jambo moja fundi alilisimamia, na nilifurahi kuliona: bolti zote za bushi ziliachwa legelege mpaka gari likashushwa likasimama kwa tairi zake, ndipo zikakazwa. Mpira wa bushi umegandana na bomba la ndani. Ukikaza mkono ukiwa unaning'inia, gari likishuka mpira unabaki umejisokota siku zote, na haufiki mbali.

Barabarani

Kutoka gereji moja kwa moja mpaka kwenye alaimenti, usukani ukiwa mwepesi kupita kiasi. Gari likipanda, kasta (pembe ya mhimili ambao tairi hugeukia usukani unapokatwa) inapungua, na usukani unapoteza hamu ya kurudi katikati wenyewe. Kamu mpya zilitosha kuirudisha kwenye vipimo vya kiwanda, upande wa chini wa vipimo hivyo. Mikono ya juu ya kununua haikuhitajika kwa milimita 50.

Baada ya springi kukaa: mbele zimepanda milimita 48 kushoto, 52 kulia, nyuma 55 na gari tupu. Ule mlalo wa upande wa dereva umepungua mpaka milimita 8, na siongezi kitu. Taa zimeshushwa ili nisiwapofushe wenzangu. Kwenye foleni gari ni gumu kidogo kuliko zamani, kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi ni tulivu zaidi, na likikata kona halilali tena. Mama alilalamika kuhusu kupanda, nikamfungia ngazi za pembeni.

Tairi za 265/75 zimeingia. Zinasugua kidogo kizuia matope cha mbele usukani ukikatwa mpaka mwisho na ukirudi nyuma. Nimekisogeza kwa skrubu mbili. Spidimita sasa inadanganya kwa asilimia 3 na ushee: ikisoma 50 unakwenda karibu 52. Wale wanaojua kona wanazojificha wenye tochi wataelewa kwa nini nimeliandika hili. Kwa sasa nakwenda nikisoma 47.

Vilivyobaki: mipira ya hewa ya nyuma, kukaza tena bolti zote za chini kabla ya masika, na kuchungulia buti za CV kila ninapomwaga oili.