Nilivyopata mkutano wa kuacha pombe jijini Nairobi

Mikutano ya Alcoholics Anonymous (AA) haiwekewi bango. Unaweza kupita nje ya jengo kila siku usijue kwamba ndani kuna watu wanaelezana walivyokunywa na walivyoacha. Wenyewe wanataka hivyo; kutotajana majina nje ya mkutano ni desturi ya chama hiki kilichoanzia Akron, Ohio, huko Marekani mwaka 1935. Lakini kwa anayekitafuta, usiri huo humzungusha. Mimi ulinizungusha, na mji huu naujua vichochoro vyake vyote.

Nilianza na daktari, na yeyote anayekunywa kila siku namwomba aanzie hapo. Nilikuwa naamka mikono ikitetemeka mpaka nitoe loki, yaani ninywe robo ya pombe asubuhi ili nitulie. Daktari wa kliniki moja mtaani Umoja alinikataza kuacha ghafla nikiwa peke yangu. Mwili uliozoea pombe, ukinyimwa kwa mara moja, unaweza kushikwa na kifafa, mtu akaona visivyokuwapo, hata akafa. Alinipa dawa za siku chache na kumkabidhi mke wangu azitunze. Mtaani watu husema, "Jikaze tu, wewe ni mwanamume." Sijui wamemwuguza nani kwa kujikaza.

Kisha nikapiga 1192, nambari isiyolipiwa ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya. Niliongea nikiwa chooni kazini, bomba nimelifungulia maji ili wenzangu wasisikie. Mshauri hakunihubiria. Aliuliza nakunywa nini, tangu lini, kama nina kazi na watoto. Rehab, yaani kituo cha kutibu ulevi, ya kulala huko huko ingenitoa kazini kwa miezi, na ada yake sikuwa nayo. Basi tukazungumzia vikundi, maana huko hakuna ada: hupitishwa kikapu, mwenye shilingi anatia, na mgeni huambiwa akipishe tu.

Nilipopata nambari ya watu wa AA wenyewe, nilituma ujumbe nikiuliza kikundi kilicho karibu na Umoja. Aliyenijibu hakuniuliza naishi wapi. Aliniuliza, "Ndugu, wewe hunywa saa ngapi?"

Swali hilo ndilo lililonisaidia kuliko ramani. Mimi sikuwa mlevi wa Jumamosi asubuhi, wala nyumbani, ukiacha ile robo ya kutoa loki, sikunywa sana. Nilitoka kazini Eneo la Viwanda saa kumi na moja, saa ile ile sheria ya pombe ya 2010, ile iliyopewa jina la mbunge Mututho, inaporuhusu baa kufunguliwa siku za kazi. Nikifika mjini kutafuta matatu, tayari viti vya baa za barabara za Tom Mboya na River Road vimeshapanguswa vinanisubiri. Mkutano wa karibu na nyumbani wikendi ungekuwa mzuri kwa mtu mwingine. Mimi nilihitaji wa saa kumi na mbili jioni, katikati ya jiji, kabla sijafika stejini. Ulikuwepo, katika chumba cha nyuma ya kanisa. Tena ulikuwa wa wazi, yaani hata jamaa wa mlevi au mtu anayetaka kusikiliza tu anaruhusiwa. Mikutano iliyofungwa ni kwa ajili tu ya wenye nia ya kuacha pombe.

Langoni ndipo nusura nigeuze. Unaijua Nairobi: askari ana kitabu. Jina, nambari ya kitambulisho, simu, unakwenda kumwona nani. Nimekuja kwenye jambo la siri, na hapa naandikishwa kama mgeni wa benki! Kalamu nikaishika, nikaishika. Askari akaniangalia, akakivuta kitabu chake taratibu. "Bosi, ni ule mkutano? Pita kushoto, mlango wa mwisho. Hao hawaandikangi." Nilitamani nimkumbatie.

Ndani nilitarajia mahubiri, kwa sababu ya jengo. Hayakuwepo. Kikundi hupewa chumba tu. Hakifungamani na dhehebu lolote. Zile Hatua 12 za kuacha pombe ambazo AA hufuata zinamtaja Mungu, hilo siwezi kulificha, lakini zinasema Mungu kama kila mtu anavyomwelewa, na kando yangu aliketi mzee Mwislamu aliyekuwa akizifuata miaka mingi bila shida. Lugha ilikuwa Kiingereza kilichochanganywa na Kiswahili, na Sheng vijana walipochangamka. Hakuna anayekatizwa akisema, hakuna anayeshauriwa asipoomba. Mimi nilitaja jina langu la kwanza tu, nikanyamaza. Wakanishukuru kwa kuja, wakaendelea.

Chai baada ya mkutano isikose, hata ukiwa na haraka. Pale ndipo nilipopewa nambari za simu za watu wa njia yangu, wa Umoja na Kayole, na ndipo nilipompata mdhamini, yaani aliyetangulia kuacha anayekushika mkono. Waliohamia mashambani huingia mikutano kwa Zoom. Mimi napenda kukaa na watu, lakini bando ikiwepo na mvua imefunga barabara, Zoom inatosha.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi bado ndiyo ngumu, mshahara ukiwa umeingia. Sisi tunaopanda matatu pamoja huanza kupigiana simu kuanzia saa kumi, na asiyeshika simu tunamfuata hadi lango la kazini kwake.